Nyumba Isiyotoa Moshi

Watu wa kijiji cha Thanglung, juu milimani, hukusanya kuni na samadi kavu ya kuwashia moto kiangazi kizima ili wapate kuukohoa moshi wake majira yasiyo na mwisho ya theluji. Spalzes hakukusanya hata kijiti. Nyumba yake ilikaa bondeni, mbali kidogo na wenzake, katikati ya ekari tatu za miti ya aprikoti, nayo ilikuwa imelielekezea jua uso kama paka. Upande wa kusini wote ni vioo vya tabaka mbili. Nyuma ya vioo kuna ukuta mnene wa udongo uliopakwa rangi nyeusi, unaolinywa jua mchana na kulitoa usiku. Paa lilishindiliwa majani makavu ya shayiri na maranda, unene wa mkono mzima, kisha likasiribwa udongo juu. Mto ulipoganda mpaka punda wakavuka kwa miguu, Spalzes alitembea humo ndani bila soksi. Chai yake ya siagi aliichemsha kwa mtungi wa gesi. Jiko la kuni hakuwa nalo, wala bomba la moshi.

Hayo yalikuwa matakwa ya Morup, mumewe. Nyumba yao ya zamani ilipopasuliwa na mafuriko, Morup alisema mpya haitakuwa na moshi, kwa kuwa moshi ulikuwa umemla kifua miaka sitini. Akaweka kioo cha mwisho mwezi wa kumi. Wa kumi na moja akafa. Spalzes akabaki na nyumba yenye joto na miti arobaini na mmoja, kila mmoja umepandwa na mkono wa yule mtu.

Majirani walikuja kujipasha joto, na aliyekuja kuliko wote alikuwa Tundup, mwenye magoti mabovu. Majira yale yote ya baridi alikuwa akiegemeza mgongo kwenye ukuta mweusi, anakunywa chai bakuli baada ya bakuli, anawatazama mbuzi-mwitu wakishuka kutoka majabalini kula majani makavu aliyowatupia Spalzes. Morup hakutaka wafukuzwe. Alikuwa akisema nao wana njaa, na mbuzi-mwitu wakishiba na kuishi, chui wa theluji atawinda wao, hatahitaji kuja zizini.

"Nyie wala moshi," Spalzes alimtania Tundup, "mwishowe mtahamia wote kwangu."

"Nipishe, mama, usinitoe ukutani," akajibu Tundup, na wakacheka.

Majira ya kulima yalipokaribia, kura ya mgawa maji ikamwangukia Tundup huyohuyo. Na hapo ndipo Spalzes alipofanya kosa lake.

Kesho yake baada ya jembe la kwanza kutiwa ardhini, kabla jua halijagusa bendera za sala za mlimani, mgawa maji hupanda ukingoni mwa bonde na kuhesabu moshi. Kila moshi unaotoka paani ni nyumba moja, na kila nyumba ina zamu moja ya mfereji. Wazee waliweka hivyo ili waliohamia mjini wasiendelee kushikilia maji ya mashamba waliyoyatupa. Moto wa nje hauhesabiwi, maana hata mchungaji mpita njia huwasha moto. Mwaka uliotangulia Spalzes na Morup walikuwa bado wanapikia kwenye kibanda cha ujenzi, na moshi wa kibanda ukawapatia zamu. Safari hii asubuhi ya kuhesabu ilimkuta Spalzes amekaa kwenye jua la vioo vyake, anakanda unga wa shayiri, ametulia. Siku aliijua. Ila alisema moyoni, Tundup si ananijua?

Tundup akahesabu ishirini na moja.

Spalzes alipopata habari alipanda kijijini mbio, shuka likimtoka mabegani. Akamkuta Tundup kwenye lango la mfereji na koleo lake.

"Tundup, umenisahau mimi?"

"Sijakusahau, mama."

"Sasa hesabu yangu iko wapi?"

"Sikuona moshi."

"Moshi! Wewe umelala kwenye ukuta wangu miezi minne, unajua fika kwamba naishi pale!"

"Najua." Tundup hakuinua macho. Wanaume wa nyumba tatu walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza. "Lakini mgawa maji hahesabu anachokijua, mama. Anahesabu anachokiona. Na mwaka huu barafu ya juu mlimani imebaki kiganja tu, kila nyumba inapata siku mbili. Nikikuingiza kwa kujuana, kesho kila mwenye binamu mjini ataniletea jina."

"Miti yangu itakufa!"

"Mfereji una zamu. Zamu haivunjwi, labda nyumba iungue."

"Na ya kwake haiwezi hata kuungua," akadakia mmoja nyuma. "Haina moto!"

Wakacheka. Shukrani ya punda ni mateke, Spalzes alijua, lakini hakujua kama mateke yanauma namna ile. Alimtazama Tundup, mtu mzuri kwa kweli, anayeogopa watu tu. Huyo ndiye mbaya zaidi, maana humwezi hata kumtukana ukaridhika.

Kulikuwa na hesabu ya pili, siku ya kumi na tano, kwa waliochelewa kurudi kutoka walikokimbilia baridi. Ikabidi aingoje hiyo. Siku kumi na nne alishuka korongoni mtoni na ndoo ya mgongoni, saa nzima kushuka na mbili kupanda. Ndoo moja, mti mmoja. Ardhi ya kule ni changarawe, hunywa na kukauka kabla hujafuta jasho. Maua yakatoka machache, yakaanguka. Majani yakachipua na kujikunja. Alikuwa akiongea na miti kwa sauti, akiiambia ivumilie, kisha analia, kisha anatukana, kisha anachukua ndoo. Ule wa kwanza kabisa kupandwa na Morup ulikuwa umekwisha kufa. Mbuzi-mwitu walikuwa wameuguguna gome mzunguko mzima katikati ya theluji, wageni haohao aliowalisha.

"Chukua jiko langu la zamani," jirani yake Kunzes, mjane mwenzake, akamwambia Spalzes. "Bomba lake fupi kidogo, lakini moshi utatoka."

"Kunzes, nitoboe paa la Morup?"

"Dada, Morup amelala. Miti ndiyo iko macho. Lisilo budi hutendwa."

Siku ya kumi na nne akatoboa paa. Alipolipiga shoka alijisikia kama anampiga mtu. Majani ya shayiri yakamwagika kichwani, makavu, bado yana harufu ya mavuno. Akapitisha bomba, likafika juu kwa shida, mdomo umelingana na udongo wa paa. Akasiriba pembeni kwa tope alilolikanda kwa maji ya chai, maana mengine hayakuwepo. Kisha akaukata mti uliokufa.

Alfajiri ya kumi na tano akawasha. Moshi ukapanda mweusi, mnene, ukaegemea mashariki. Akatoka nje. Kule ukingoni aliona umbo la Tundup limesimama, na likainua mkono.

"Nimekuona, mama!" sauti ikashuka. "Ishirini na mbili!"

"Maji lini?" akapaza Spalzes.

"Unaingia mwisho wa foleni! Siku ishirini na nane!"

Spalzes akageuka akaitazama miti. Haikuwa na siku tano, sembuse ishirini na nane. Hapo akakata tamaa kabisa, tamaa yenyewe ilimtoka akaisikia ikitoka. Alikuwa ametoboa nyumba ya marehemu na kuchoma mti wake ili apewe namba.

Ndipo alipoliona paa. Pale bomba lilipotokea, tope lilikuwa limekauka na kupasuka, na kwenye ufa kulikuwa na kijistari chekundu kinatambaa ndani ya majani, polepole, hakijawa hata mwale. Ngazi ilikuwa imeegemea ukutani. Miguuni pake palikuwa na jagi la maji, la mwisho aliloleta jana jioni baada ya kusiriba. Jagi moja lingetosha.

Aliinama akalishika. Akapanda kidato cha kwanza. Akakumbuka maneno ya Tundup pale mferejini, "labda nyumba iungue," na kicheko kilichofuata.

Akashuka. Akaliweka jagi chini ya ngazi, taratibu, lisimwagike, akaketi juu ya kisiki kipya akasubiri. "Nisamehe," alimwambia Morup, na akalirudia mpaka paa lilipotoa ulimi wa moto na kuguruma.

"Moto! Nyumba inaungua! Fungeni milango yote ya mifereji!" walipiga kelele watu kule juu.

Kijiji kikateremka na ndoo na makoleo. Huko juu Tundup alifunga mifereji ya nyumba ishirini na moja kwa mkono wake mwenyewe, na maji yote ya Thanglung yakaachiwa bondeni. Yaliingia bustanini yakiviringisha vumbi mbele yake. Watu wakateka, wakapanda, wakamwaga, wakaitana. Vioo vilipasuka kimoja baada ya kingine.

"Dada, shika ndoo!" Kunzes akapiga kelele. "Nyumba inakwisha!"

Spalzes hakushika ndoo. Alikuwa kati ya miti na koleo, anakata matuta, anafungulia maji shina hili, anaziba, anafungulia lile, huku machozi yanamchuruzika na hajipangusi. Watu walidhani ameingiwa na wazimu kwa uchungu, wakamwacha.

Adhuhuri kilichobaki ni kuta. Maji yalikuwa yametuama kwenye mashina ya miti yote arobaini. Watu walikaa chini wamechoka, nyuso masizi.

Tundup alizunguka kutafuta koleo lake. Chini ya ngazi iliyoungua ncha ya juu, akalikuta jagi, limejaa mpaka shingoni. Alilitazama. Akaitazama ngazi, akaitazama miti iliyolowa, kisha akamtazama Spalzes, naye Spalzes hakukwepesha macho. Nyuma walikuwa wanakuja wengine.

Tundup akalipiga jagi teke. Maji yakamwagika kwenye majivu.

"Usiku kuna baridi," alisema kwa sauti nzito. "Utalala kwangu, mama. Kuna moshi, lakini utalala."

Spalzes akaenda kuegemeza mgongo kwenye ukuta mweusi, juu yake mbingu tupu, na ukuta ulikuwa bado una joto.