Chupa Mbili za Dawa ya Homa

Mimi ni mtu wa barazani. Wenzangu niliosoma nao sekondari kwa mapadri walikwenda kuwa makarani Bukavu na Stanleyville. Mimi nilirudi Kasongo, nikafungua kiduka cha chumvi na sabuni mbele ya nyumba, kusudi nisilazimike hata kuvuka barabara.

Nilikuwa na wake wawili na sheria moja, ambayo niliitunga mwenyewe kwa kuogopa kelele: kinachoingia nyumbani kinagawanywa sawa. Kitenge, nyama, hata kichwa cha samaki kilipasuliwa katikati.

Walijifungua msimu mmoja. Mtoto wa mke mkubwa alikuwa na mashavu kama ya mwenye duka anayefanikiwa, si kama yangu. Wa mke mdogo homa ilimshika mapema, ikawa inamwacha kidogo na kumrudia. Wenzake walikuwa wanaketi mkekani. Yeye bado alilegea kama nguo iliyoanikwa. Mama yake alitaka jambo moja tu, amwone ameketi.

Ndipo dokta Mbelgiji akaja kwenye dispanseri na habari ya dawa mpya ya kuzuia homa kwa watoto wachanga. Hakujua kama inaishinda ya zamani. Kwa hiyo watoto wengine wangepewa hii, wengine ile, na hakuna mzazi ambaye angejua. Muuguzi wake aliwaeleza akina mama kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha huku, akauliza nani anakubali. Mimi sikwenda, jua lilikuwa kali. Wake zangu walikubali, wakarudi kila mmoja na chupa yake: ya mkubwa ina uzi mwekundu shingoni, ya mdogo uzi mweupe.

"Hii ni sayansi," nikawaambia kutoka kwenye kiti changu. "Tulifundishwa shuleni."

"Inasema dawa nzuri iko kwa nani?" mke mdogo akauliza.

"Haisemi."

"Basi haijui kitu."

Mke mkubwa akachukua sufuria safi, akamimina dawa yake yote. "Leta yako, mdogo wangu. Kama nzuri iko kwangu, mutoto wako atapata. Kama iko kwako, wangu naye atapata." Wakakoroga, wakagawa sawasawa, wakarudisha dawa chupani na kila uzi mahali pake. Mimi, msomi wa nyumba, nilitazama nikasifu moyoni jinsi sheria yangu inavyofuatwa.

Siku ya kupima, miezi miwili baadaye, dokta alipita nyumba kwa nyumba na mizani. Kwetu muuguzi aliitundika kwenye boriti ya baraza, akauliza kama dawa ilinywewa vizuri. Mke mkubwa akaeleza habari ya sufuria kwa fahari. Muuguzi akatafsiri polepole. Dokta akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Anauliza, sasa atajuaje dawa gani imewasaidia?"

"Mwambie hata sisi hatujui," akajibu mke mkubwa, "na ndivyo mulivyotaka."

Dokta akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema watoto hawa wawili hawatahesabiwa tena. Mke mdogo akamkumbatia mwanawe.

"Kwa hiyo wangu hapati dawa tena?"

"Atapata, mama, kama mutoto yeyote," muuguzi akasema. "Tunamtoa kwenye hesabu tu. Mulete nimpime."

Wakamtia kwenye kitambaa cha mizani. Mshale ukafika pale ulipoishia alipopimwa siku ya kupewa chupa, ukapita, ukaendelea. Mtoto akashika kamba kwa mikono miwili, akajiinua, akaketi wima humo ndani akitukasirikia sote. Mama yake akakaa chini palepale, akicheka na machozi yakimtoka. Wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa mke mkubwa, ingawa mshale ulikuwa umepita hata pale ulipoishia kwa wake mwenye mashavu, aliyepimwa kwanza.

"Haya," akamwambia mwenzake, akimpokea yule mtoto kutoka mizanini, "tubadilishane. Huyu sasa ni muzito, nitambeba mimi. Wewe beba wangu, upumuzike."