Anayefungwa Ndiye Anayemalizia

Siku ya kwanza kumsikia yule mzee, nilijua ana msiba.

Nilikuwa nimeletwa Minnesota kumlea mjukuu, maana binti yangu alikuwa akisoma uuguzi huku akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikaa Columbia Heights, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti. Ni miaka ya tisini hiyo. Mwezi wa nne umeingia na theluji bado imelala kando ya njia, chafu kama jivu la juzi. Mchana nilibaki na mtoto mgongoni. Ukuta wa sebule ulikuwa mwembamba, na upande wa pili nikasikia redio, kisha sauti ya mwanamume mtu mzima: "No! No, no, no!" Kishindo cha mkono mezani.

Kwetu Muheza mtu akilia hivyo huulizi. Unafunga khanga kiunoni, unachukua kilichopo jikoni, unakwenda. Nikafunga sukari na majani ya chai, nikagonga. Mlango ulikuwa wazi. Nikavua viatu, nikaweka sukari mezani, nikasema pole, nikaketi chini kwenye zulia na kunyamaza. Msibani mtu haropoki.

Mwenyewe alikuwa kwenye kiti, mguu mmoja kaunyoosha. Pembeni kilisimama kile kichuma cha miguu minne ambacho wagonjwa hujishikiza wakitembea, naye kaanika fulana juu yake. Akanitazama. Akatazama sukari. Akasema maneno mengi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi tu, nikaitikia kwa kichwa. Tukakaa, redio inaendelea.

Binti yangu alirudi kazini akakuta nyumba tupu, akamsikia mtoto anacheka ng'ambo ya ukuta.

"Mama! Unafanya nini kwenye zulia la watu?"

"Punguza sauti. Mwenzio kafiwa."

Wakazungumza, yeye na mzee. Nikaona mabega ya binti yangu yanatikisika, nikajua naye analia. Kumbe anacheka.

"Hajafiwa, Mama. Timu yake imefungwa."

"Timu gani?"

"Ya besiboli. Ya hapa mjini."

"Mtu mzima na mvi zake analilia mpira?"

"Anasema kwa wanavyocheza mwaka huu, kesho ulete na unga."

Niliondoka na hasira zangu. Sukari sikuichukua, kitu cha msibani hakirudi.

Jioni binti akanieleza habari yake. Mkewe alikufa zamani. Wakati wa baridi yeye mwenyewe aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, wakamtia chuma. Mwanawe anakaa Apple Valley, kusini kabisa ng'ambo ya mto, na alikuwa amemwambia neno moja: majani yakianza kuanguka, kama hawezi kushuka na kupanda ngazi peke yake, anahamia nyumba ya wazee. Chumba kimeshatafutwa.

"Si pabaya, Mama. Mimi si nafanya kazi huko? Wanaogeshwa, wanalishwa."

"Yeye anataka?"

"Hataki hata kusikia."

"Basi atapanda ngazi."

"Mama, huku watu hawaingiliwi. Akianguka mikononi mwako tutashtakiwa."

"Mama mkwe wangu alipata kiharusi, nani alimsimamisha? Ulikuwa mdogo wewe. Kula ulale."

Kesho yake nikaenda na chai. Kwanza niliondoa zile fulana juu ya kichuma. Akafoka, nikamwacha afoke. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemfundisha, lakini akishafunga mlango mzee anarudi kwenye kiti na redio yake. Ukimwambia tembea, anasema anasikiliza mchezo. Nikaona huyu hatatoka hapo kwa maneno. Nikakaa naye kusikiliza.

Shule niliishia darasa la nne, lakini mchezo nimeufahamu, kwa vidole vyake na chumvi na pilipili alivyopanga mezani. Upande mmoja unarusha, upande mwingine unapiga kwa gongo. Wapigaji watatu wakitolewa, pande zinabadilishana. Zinapobadilishana, redio inaweka matangazo, mara magari, mara sabuni. Hapo ndipo nilipopata mlango wangu. Tangazo likianza tu, namwambia, "Mzee, simama." Anakwenda na kichuma chake mpaka mwisho wa korido na kurudi. Mtangazaji akirudi, ruhusa kukaa. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaniita Bosi, nami sikukataa.

Watu wa besiboli hawafanani na wa kandanda, wanaocheza mara moja kwa wiki na kupumzika. Hawa hucheza karibu kila siku, kama waendao shamba. Na timu yetu ilikuwa mbovu, nisiseme uongo. Wenzao wakipiga, wanapiga mpaka chai inapoa. Wao wakipiga, hujamaliza kumkalisha mzee wameshatolewa wote watatu, simama tena. Ubovu wao ndio uliomtembeza.

Tena kuna sheria moja niliyoipenda. Timu iliyo kwake hupiga ya pili katika kila zamu. Ikifika zamu ya mwisho nayo inaongoza, haina haja ya kupiga, mchezo umekwisha, watu waende nyumbani. Ikiwa inafungwa, lazima ipige, imalizie. Sisi tulimalizia karibu kila mara. Kwa hiyo tulipata korido moja zaidi.

Ilipofika katikati ya kiangazi wakawa mkiani. Jengo zima lina joto, mtoto ana vipele, na mzee anataka kuzima redio. Binti yangu yupo, anatutafsiria.

"Zima, Bosi. Hawa wameshaoza."

"Hawajamaliza."

"Wamefungwa! Hata wewe unajua wamefungwa."

"Na wao wanajua. Mbona wamesimama uwanjani? Wewe uliyekaa ndiye umechoka?"

Akasema jambo la Kiingereza ambalo binti yangu hakukubali kunitafsiria. Tangazo la matairi likaanza. Akasimama.

Uwanja wao sikuingia hata siku moja. Niliuona tu kwenye basi tukienda mjini, paa lake jeupe la kitambaa limeinuliwa na upepo unaopulizwa ndani, limevimba kama unga ulioumuka. Nilifikiri: humo ndani wamo vijana wanaopigwa kila siku na kesho yake wanavaa sare tena. Sikuwahurumia. Nimelima shamba la mawe, najua. Unalima ulichonacho.

Kutoka korido tukahamia ngazi, na kichuma tukakibadilisha kwa fimbo. Kushuka akaweza upesi. Kupanda ndiyo ilikuwa kazi. Ghorofa ya kwanza, sawa. Ya pili, anashika ukuta. Ya tatu hakupata kufika bila mimi kumshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Na majani yakaanza kuwa mekundu.

Mwanawe akaja Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Mtu mpole, mnene, funguo za gari mkononi muda wote. Nikamwona kutoka dirishani kabla hajapanda: ndani ya gari lake, nyuma, yalilala maboksi yaliyokunjwa, mapya. Nikamwambia binti yangu, huyu amekuja na jibu lake tayari.

Mzee akavaa kofia ya timu. Akashuka vizuri, mwanawe nyuma yake. Akapumua kidogo barazani, akageuka kupanda. Mimi nilibaki juu, sikutaka mwanawe aseme nimemshika. Ghorofa ya kwanza akapita. Ya pili akapita, nasikia pumzi zake. Ngazi za mwisho, katikati, miguu ikamkatalia. Akakaa.

"Baba, inatosha," mwanawe akasema. "Umejitahidi. Njoo nikushike." Akaingiza mikono makwapani.

"Usimguse!" Nilisema kwa Kiswahili, lakini alielewa, akaachia.

Nikarudi ndani, nikachukua redio ya mzee, ile ya betri, nikashuka nayo na mtoto mgongoni. Nikaiweka kwenye ngazi, nikakaa chini kando yake. Zamu ya mwisho ilikuwa imeanza; wageni wanapiga, na timu yetu imeachwa mbali. Mwanawe akaegemea ukuta. Binti yangu kasimama mlangoni kajishika kichwa.

Mwanawe akasema, "Baba, mchezo huu umekwisha huu."

"Bado zamu yetu," mzee akasema.

Mpigaji wa tatu wa wageni akatolewa. Tangazo likaanza. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia simama, nikakuta ameshashika fimbo. Akanyanyuka polepole, ngazi moja, akasimama, ngazi nyingine. Mkono wa mwanawe ulitoka ukabaki hewani. Hakumgusa. Tangazo likaisha, mtangazaji akarudi, mzee hajakaa. Alikaa pale alipofika kwenye kiti chake.

Nikamletea redio. Wetu wakatolewa wote watatu, haraka kama kawaida yao.

"No! No, no, no!" Akapiga meza.

"Pole," nikamwambia.

Mwanawe alikwenda dirishani akatazama gari lake. Mwisho akasema, binti yangu akanitafsiria: "Theluji ikianza nitakuja kila Jumamosi kumletea mahitaji, asitoke kwenye barafu. Halafu tutaona mwakani."

"Mwambie aje saa za mchezo," nikasema.

"Mama, wakati wa theluji hakuna mchezo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia basi tutatafuta redio inayoimba, yenye matangazo mengi.

Mwanawe alipoaga nilimsindikiza mpaka chini, maana nilikuwa na shida na yale maboksi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaona haya kidogo. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, moja tu, la kuwekea viazi. Akanipa yote.