Ubao wa Kima

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, hakutaka kuiona mashine ya kusagia nyama jikoni mwake. "Inakamua maji yote, unabaki na makapi," alikuwa akisema. Basi mimi, bibi harusi wa miezi miwili, nilikatakata kwa mkono: ubao mzito, visu viwili, huku na huku, mpaka steki ilainike na viganja vifanye malengelenge.

Siku hiyo nilikata kwa furaha, maana baba yangu alikuwa anakuja kutoka Maramba, mara yake ya kwanza tangu niolewe Chumbageni. Na hofu pia nilikuwa nayo. Miaka ya hamsini hiyo watu wa mjini walituita washamba bila kuficha, na baba aliniambia siku ya harusi: "Nikiona wanakudharau, siku hiyohiyo unarudi nyumbani." Nami, kusema kweli, mume wangu nilimpenda kufa.

Baba alifika baada ya adhuhuri, mkungu wa ndizi begani, kikapu kitupu mkononi. Nikampa shikamoo, nikaleta sambusa. Alikuwa ameshatia moja mdomoni mavyaa aliposema kwa majivuno, "Kula, mkwe. Mwanao tangu asubuhi anakatakata kima."

Loo! Baba akaacha kutafuna.

Kwetu Maramba kima ni yule mwenye mkia anayetumalizia mahindi shambani. Mimi mwenyewe nilipolisikia neno hilo jikoni mara ya kwanza nilitaka kukimbia, mpaka nilipoiona nyama ya ng'ombe kwa macho yangu. Baba nikasahau kumwambia.

Akaitema kiganjani. "Mwanangu mnamlisha haramu?"

"Astaghfirullahi!" Mavyaa akasimama. "Chakula cha nyumba yangu unakitema, halafu unanitukana?"

"Vaa buibui," baba akaniambia. "Tunaondoka."

Bibi harusi haingilii wakubwa wakigombana, nalijua hilo. Lakini hasira zilinipanda, tena kwa wote wawili. Nikaenda jikoni, nikarudi na ubao, visu na pande la nyama lililobaki, nikaketi mkekani katikati yao, nikaanza. Ka-ka-ka-ka.

"Ng'ombe huyu, baba," nikasema, machozi yananitoka. "Akishakatwa hivi, hapa mjini wanaita kima. Nikate mpaka lini ndiyo mnielewe?"

Baba akachota kidogo kwa kidole, akanusa. Kisha akaushika mkono wangu, akayaona malengelenge, na uso ukamkunjamana upya.

Mavyaa akaketi kando yangu, akanipokonya visu. "Lete huku. Umechoka, mwanangu." Akaendelea kukata yeye.

Baba alimtazama akikata. Halafu akanawa tena, akala sambusa tano.

"Lakini jina gani hilo la kuita chakula!" akanung'unika.

Alipoondoka, alinikabidhi kile kikapu mlangoni. "Nilikileta cha nguo zako," akasema chinichini, mavyaa asisikie. "Weka vitunguu."