Nilimchimbia paka kaburi kwa sababu ya strip ya mkojo wa binadamu

Wakuu, salamu kutoka kwa mtu aliyekula vumbi la Turkana. Hii ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa. Sehemu ya kunicheka ipo, msiwe na haraka.

Mwaka 2012 nilikuwa lab tech kwenye zahanati moja Kakuma. Mtu wa Bungoma, naishi peke yangu kwenye nyumba ya mabati. Mwenzangu alikuwa paka jike, Nakiru. Jina alipewa na jirani yangu, Mama Ekai, kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. Kule mvua ni habari.

Asubuhi moja Mama Ekai akaja mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, daktari. Hii paka yako inachuchumaa inalia. Inatoa damu."

Mimi si daktari, lakini kule ukivaa koti jeupe, imeisha.

Nikataka kumpima mkojo. Shida, Nakiru alikuwa akikojoa mchangani, na Kakuma yote ni mchanga. Mama Ekai anauza shanga. Akaleta mkebe wa shanga za plastiki ambazo hajazitunga.

"Mchanga inakunywa yote. Shanga haiwezi kunywa."

Tukazimwaga kwenye karai, tukamfungia ndani. Akachimba, akachuchumaa, akalia. Mkojo ukabaki chini ya shanga. Miaka yote ya chuo hakuna aliyenifundisha hiyo.

Nikachovya strip, hivi vikaratasi vya rangi tunavyopimia wagonjwa. Damu ipo. Protini ipo. Rangi ya uzito wa mkojo ikasema ni mwepesi kama maji.

Kwa hesabu yangu, figo zimeshindwa kukoleza mkojo, zimekwisha. Niliumia, wakuu, sitaficha. Nikampigia daktari wa mifugo Lodwar nikamwomba amdunge sindano apumzike milele. Akasema nimlete, na mkojo mpya nibebe.

Kabla ya kuondoka nikachimba shimo nyuma ya nyumba. Nilijua nikirudi sitakuwa na nguvu.

Lodwar, yule daktari hata strip yangu hakuitazama. Alidondosha tone la mkojo kwenye refractometer, kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia uzito wa mkojo, akakielekeza dirishani.

"Mkojo mzito kabisa. Figo zinafanya kazi. Nani alikwambia zimekufa?"

Nikamwonyesha strip. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Bwana, hapo kwa uzito hii inamjua mtu. Paka haimjui."

Kisha akaweka tone chini ya microscope, akaniita nione. Chembe zenye kona kali, zimejaa. Hizo ndizo zilikuwa zinamkwaruza kibofu.

"Anakula nini?"

"Samaki wakavu."

"Na maji?"

Bakuli lilikuwa juani, maji ya moto kama ya chai.

Nikarudi naye kwenye katoni, na dawa ya maumivu. Supu ya samaki kila siku, maji kivulini, mabakuli matatu.

Wiki ya pili nikamwona anaingia kwenye lile shimo. Akachuchumaa kimya. Mkojo mrefu, hakuna kilio. Mwanaume mzima nikafuta macho. Mama Ekai naye alikuwa anaangalia.

"Sasa kaburi imekuwa choo yake."

Nilichojifunza: kabla hujaamini kipimo, uliza kilitengenezewa nani. Na jirani anayemwona mgonjwa wako akichuchumaa amekutangulia.

Wenye paka, bakuli la maji liko wapi saa hii? Na lab techs wenzangu, karibuni mnicheke.

Mpaka nahamishwa 2013, lile shimo sikulifukia. Lilikuwa na mwenyewe.