Mama Mkwe na Ufunguo wa Akiba

Mafundi wenzake walimbandika jina la Glavu, kwa sababu kila asubuhi alizipuliza glavu zake za mpira kama maputo, akazisogeza shavuni kusikiliza kama zinavuja. Walimcheka mpaka wakachoka. Yeye wala hakuwa na habari nao. Magari ya haibridi, yale yanayokwenda kwa petroli na umeme, yana betri ya volti zaidi ya mia mbili, na umeme huo hauna utani na mtu.

Sheria zake zilikuwa mbili tu: mteja hakai ndani ya gari, na ufunguo unatundikwa ofisini, maana gari la namna hiyo linaweza kuwa limewaka na usisikie hata mlio. Diwani mwenyewe aliwahi kushushwa na suti yake.

Ila siku hiyo gari lilikuwa la mama mkwe.

"Taa nyekundu imewaka, na mlimani halina nguvu," mama alisema kutoka kiti cha dereva. "Nitazamie upesi, baba, nina safari."

"Mama, si ungekaa pale kivulini? Kuna kiti."

"Hapa hapa pananitosha."

Glavu akameza mate. Miaka kumi na mmoja aliongea na mama huyu macho chini. Leo amshushe kwenye gari lake? Akaupokea ufunguo, akautundika ofisini, akajiambia inatosha. Wa pili ulikuwa ndani ya mkoba wa mama.

Kwa haraka ya kumridhisha, hata betri ndogo, ile inayoliamsha gari, alisahau kuichomoa waya. Akafungua buti, akavaa glavu, akashika plagi ya kukatia umeme mkubwa. Kabla hajaivuta, akasikia ndani ya betri kubwa: tak, tak. Umeme mkubwa ulikuwa umejiunga. Joto lilikuwa limemshinda mama, akaliwasha gari kwa ule ufunguo wa mkobani apate kiyoyozi.

"Mama, toka! Zima, utoke sasa hivi!"

Sauti ilifika ng'ambo ya barabara. Mama akazima, akatoka viatu mkononi.

"Kwani kuna nini?"

"Nisamehe, mama. Ningeivuta plagi hii wakati gari limewaka, ingeweza kuniua."

Mama akautoa ule ufunguo wa pili bila kuulizwa.

Akaanza upya. Akachomoa waya wa betri ndogo, akavuta plagi na kuitia mfukoni mwake, akangoja dakika kumi umeme uliobaki uishe, akapima mpaka mita ikasoma sifuri. Ndipo akaiona kasoro: tundu la kupozea betri, pembeni ya kiti cha nyuma, lilikuwa limezibwa na mto, na feni imejaa pamba.

"Ni mto wako, mama," alisema, bila kuzunguka.

Mama hakuujali mto. "Wateja wengine nao unawaacha wakae ndani?"

"Hapana, mama. Nawashusha wote."

"Basi siku nyingine na mimi nishushe. Heshima ya kumfanya mwanangu mjane siitaki."