Ampea Kumi na Mbili

Sikuiharibu pasi ile. Nasema hivyo leo kama nilivyosema wakati ule, nikiwa nimesimama katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Wazungu pale Nakuru, katika ile miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipopambana na watu wa msituni.

Tulikuwa wanawake watatu wa kupiga pasi. Pasi za stima zilikuwa mbili, na mimi niliyekuja mwisho nilitumia ya makaa. Kisha meneja akanunua ya tatu akanipa mimi. Tulipoziwasha zote, fyuzi ikakatika. Meneja akatia waya mpya wa fyuzi. Kesho yake ukakatika tena. Akaja mbio, uso umemwiva.

"Wewe nashika na mkono ya maji," akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Wewe naharibu pasi mpya. Mara moja tena, wewe nakwenda reserve."

Halikuwa tisho tupu. Siku zile mtu wa kabila langu asiye na kazi hakuachwa mjini. Ningepakiwa kwenye lori, mwanangu mgongoni, nipelekwe huko reserve, nchi ya kabila letu nisiyoijua, maana mimi nilizaliwa Subukia, kwenye kambi ya shamba la kahawa. Niliogopa, ndiyo. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba mikono yangu ilikuwa mikavu.

Pasi ilipopoa niliipindua. Karibu na mpini palikuwa na kibati chenye maandishi: 240 V, 4 A. Nilikuwa nimefika darasa la nne, tarakimu nilizijua. Nikatazama zile nyingine mbili, zilikuwa vilevile. Nikatazama kisanduku cha fyuzi: 5 A. Nikaandika yote pembeni mwa gazeti.

Jioni nilipita kwa jirani yangu wa mtaa wa Bondeni, mzee wa Kiswahili aliyetengeneza redio. Kanzu yake ya Ijumaa nilikuwa naipiga pasi mimi. Nikampa kile kipande cha gazeti.

"Shikamoo, mzee. Hizi ni nini?"

"Marahaba, mwanangu." Akasogeza kikaratasi karibu na miwani. "Hii V ni volti. Ndiyo msukumo wa stima. Hii A ni ampea, kiasi cha stima kinachopita. Na kila chombo kina ukaidi wake, hakiachi stima ipite hivihivi. Vitabuni wanauita ukinzani. Gawanya msukumo kwa kinachopita."

Nikagawanya. "Sitini."

"Omu sitini. Huo ndio ukinzani wa pasi yako. Sasa zidisha msukumo kwa kinachopita."

Hapo nilichukua muda. "Mia tisa na sitini."

"Wati. Ndiyo nguvu inayoliwa na pasi moja. Zote tatu zikiwaka, zinapitisha ampea ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na fyuzi ni ya tano! Hiyo ni laini ya taa, mwanangu, waya wake mwembamba, na fyuzi hukatika ili usiungue. Pasi mbili ilizivumilia kwa taabu. Ya tatu, hata angeishika malaika, ingekatika tu."

Nililala nimetulia. Asubuhi nilimkuta meneja amekwisha kutafuta dawa yake: kipande cha waya wa shaba, mnene kama njiti ya kiberiti, amekitia mahali pa fyuzi. "Sasa hapana katika," akasema, akaenda zake.

Kweli haikukatika. Lakini kabla ya saa nne nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikagusa waya uliopita kwenye ukuta wa mbao. Ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikachomoa pasi yangu, nikachomoa na za wenzangu, nikamwita meneja.

"Nani nasema simama?"

"Mimi." Nikachukua chaki ya kutia alama nguo, nikaandika juu ya meza. "Pasi moja ampea nne. Tatu ni kumi na mbili. Waya huu ni wa taa. Nyumba itaungua."

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Nimehesabu mwenyewe. Ushike waya."

Hakuushika. Alifuta hesabu yangu kwa kiganja na kuniambia nitoke, kazi imekwisha. Nikafunga leso yangu. Ndipo yule mwenzetu mkubwa, mama mtu mzima asiyejua hata kusoma, akakunja mikono kifuani.

"Akienda huyu, sisi hatuwashi pasi. Hatutaki kufa kwa moto."

Shuka za vyumba vyote zilikuwa zimelundikana pale. Meneja akaenda kupiga simu.

Nilikuwa bado nimekaa nje ya mlango juu ya sanduku tupu, fundi wa stima alipofika, kijana wa Kihindi mwenye mita mkononi. Aliwasha pasi zote tatu, akapima, akazima mara moja. Nilimsikia akisema kumi na mbili. Kisha akapasua ganda la waya, na mpira ukamfuata kidoleni kama gundi. Meneja akaja mlangoni.

"Rudi kazi," akaniambia.

Sikuinuka. "Nitarudi ukisema mbele ya hawa kwamba sikuharibu pasi."

Akasema kitu kwa Kiingereza.

"Kwa Kiswahili, bwana. Wasikie."

Wenzangu walitazama sakafu. Yule kijana wa stima alijifanya anakunja waya zake. Meneja akawageukia. "Hapana haribu," akasema. "Wewe hapana haribu pasi." Nikainuka, nikaingia ndani.

Jioni nilimsimulia mzee wa redio. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchomea lehemu yake.

"Na wati ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi mwambie kesho."

Nikamwambia. Meneja alikuwa akipita mlangoni na chai yake, fundi akitandaza waya mpya mnene ukutani. Nikamwambia pasi zake tatu zinakula wati elfu mbili mia nane na themanini, na kwamba hesabu hiyo nayo nimeifanya mwenyewe.