Jina Alilokuwa Nalo Gogo la Mawe ya Moto

Wiki hii nimerudi Chepseon, rafiki yangu, na sikuja kutembea. Nyanya yangu, Gogo tunavyomwita, alipigwa na kiharusi mwezi uliopita, na mimi nataka neno moja kutoka kinywani mwake kabla hajatutoka. Binti yangu amepewa kazi ya shule: aandike mawe yaliyoyeyuka kwa moto wa ardhini yanaitwaje kwa lugha ya mama. Lugha ni Kipsigis, mama ni mimi, na sijui.

Na nililijua! Hilo ndilo linaloniua.

Utotoni mwangu, jioni tukishatoka kuchuma majani chai, Gogo alitukalisha kwenye mlango wa jikoni na kutusugua nyayo kwa jiwe jeusi lenye vitundu vitundu, maziwa yakichemka, moshi ukituwasha macho. Babake alilitoa Bonde la Ufa, alikokuwa akichunga ng'ombe wa mzungu karibu na mlima uliowahi kulipuka. Gogo alituambia jiwe hilo zamani lilitiririka kama uji, kisha akalitaja kwa jina alilofundishwa na babake. Lilikuwa neno fupi, tulilirudia mpaka tukapitiwa na usingizi.

Nikalipeleka shuleni. Mwalimu wa Jiografia aliuliza swali, nikasimama kifua mbele nikalitamka. Darasa likaangua kicheko, nami nikavishwa kile kibao cha shingoni cha waliokamatwa wakiongea lugha ya nyumbani. Jibu, alisema mwalimu, ni lava. Waitalia wa Napoli waliita hivyo maji ya mvua yanayoteremka barabarani kwa kishindo, na mlima wao ulipotapika moto wakaupa moto jina hilo hilo. Mpaka leo naweza kukueleza hayo bila kufungua kitabu.

Nilifika nyumbani nimejaa aibu, hasira nikaimalizia kwa Gogo.

"Hiyo yako si neno, Gogo. Sema lava."

"Lafa," akasema.

Nilimcheka, nikamkaririsha siku nyingi, naye kwa kunipenda akaliacha lake.

Tangu Jumatatu nimeuliza kila mtu. Mjomba hakumbuki. Wazee wa kanisa wananitajia jina la makaa. Jiwe lenyewe lilipotea jiko lilipobomolewa. Leo asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda, binti yangu akiwa na kalamu mkononi, nikamsihi Gogo huku nikilia bila haya.

"Gogo, tafadhali. Ile mawe ilikuwa inayeyuka, babako alikuwa anaiita nini?"

Alijitahidi, upande mmoja wa mdomo ukakataa, wa pili ukafunguka.

"La... fa," alisema, kisha akangoja nimsifu.

Nikamwambia vizuri sana, Gogo, umepata. Binti yangu aliniuliza kama aandike hilo, nikatoka nje.